IP imenionyesha nyumba Kariakoo. Niende nayo polisi?

SWALI: Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Nina ghala la mahindi Kibaigwa, na oda za wateja tunaziweka kwenye mfumo wa mtandaoni. Juzi usiku mtu aliingia kwa akaunti ya karani wangu akabadilisha oda. IP yake, yaani namba ya anwani aliyoitumia kwenye intaneti, nimeipata kwenye kumbukumbu za seva. Programu moja inasema yuko Dar es Salaam, nyingine inasema Mwanza, na ya tatu imechoma pini juu ya nyumba kabisa, Kariakoo. Niamini ipi? Na je, naweza kufunga programu ya namna hii kwenye seva yangu?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Pole sana kwa yaliyokukuta. Kwanza nakuomba usimtume mtu yeyote kwenye nyumba ile, wala usiipeleke picha ya ramani ile polisi kama ushahidi. Waliomo humo huenda hawajui hata Kibaigwa iko wapi.

Programu hizi hazifuatilii simu wala kompyuta ya mtu. Zinafungua jedwali kubwa na kuangalia IP uliyoandika imo kwenye fungu gani. Kwa Afrika, mafungu hayo hugawiwa na AFRINIC, shirika la kugawa anwani za intaneti lenye makao yake Mauritius, na kampuni ya intaneti inayopewa fungu huandikishwa pamoja na nchi yake. Mji huongezwa na watengenezaji wa jedwali kwa makisio yao, na kila mmoja anakisia kwa njia zake. Ndiyo maana umepata majibu tofauti. Nchi mara nyingi huwa sahihi, mji ni wa kubahatisha, nyumba haimo kabisa. Kwa intaneti ya simu ni vigumu zaidi, maana data za wateja wa mikoa mingi hutokea kwenye mitambo michache. Simu iliyoko Nkuhungu au Kondoa inaweza kusomeka Dar es Salaam. Kwa hiyo hata mtu aliyekaa jirani na ghala lako hajatoka kwenye orodha ya wa kushukiwa.

Madhara ya kuiamini pini yameshaonekana. Huko Kansas, Marekani, familia moja ya shambani ilisumbuliwa kwa miaka na polisi na watu wenye hasira waliotafuta wezi na matapeli. Kampuni ya MaxMind, mmoja wa watengenezaji wa majedwali haya, ilikuwa imeweka nukta moja karibu na katikati ya Marekani kwa kila IP ambayo ilijua nchi yake tu, na nukta hiyo iliangukia shambani kwao. Habari ilipofichuliwa mwaka 2016, IP zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimeelekezwa hapo.

Kitakachokusaidia ni jina la kampuni inayomiliki IP hiyo. Litafute bure kwenye WHOIS ya AFRINIC, yaani daftari la wazi la waliopewa mafungu ya IP. Kampuni hiyo ndiyo yenye kujua mteja alikuwa nani, nawe huwezi kupewa jina lake ukiuliza tu. Fungua jalada polisi. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wao ndio wataomba taarifa hizo.

Hapa muda ndio kila kitu, kwa sababu IP moja ya mtandao wa simu hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Seva nyingi huandika saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Ukiona 23:14 ya tarehe 11, kwetu ni 02:14 ya tarehe 12, yaani saa nane na dakika 14 usiku. Ukimwambia askari “saa tano usiku tarehe 11”, ataulizia mtu mwingine kabisa. Nakili mstari wenyewe kama ulivyo, pamoja na sekunde, kisha andika pembeni saa za Tanzania. Na kama seva yako inatumia nginx, programu ya kuhudumia tovuti, mwambie fundi wako aongeze $remote_port, yaani namba ya poti ambayo muunganisho wa mteja umetokea, kwenye muundo wa kumbukumbu. Namba hiyo ndiyo inayotenganisha wateja waliochangia IP moja, lakini nginx haiiandiki usipoiambia.

Kufunga programu kwenye seva inawezekana. Chukua GeoLite2, jedwali la MaxMind la IP na mahali. Ni bure, ila utajisajili upewe ufunguo. Programu ya geoipupdate itakuletea faili jipya la jedwali hilo (.mmdb) kila linapotoka, kwa sababu jedwali la zamani linapotosha. Likikupa mji, usiuache uwanja wa accuracy_radius bila kuusoma: ni nusu kipenyo cha makisio kwa kilomita. Ukikuta 200 na kitovu kikiwa Dodoma mjini, duara hilo limeumeza mji wote wa Singida pamoja na Kibaigwa.

Mimi ningelitumia kwa nchi tu: akaunti ya karani ikifunguliwa kutoka nje ya Tanzania, mfumo umpigie meneja kengele. Usifungie watu moja kwa moja, kwani mwenye VPN, huduma ya kupitisha intaneti kwenye IP ya mahali pengine, hujifanya yuko popote, na mteja wako wa kweli anaweza kuwa safarini Nairobi. Ila hiyo isubiri. Leo hii badilisha nywila ya karani, funga vipindi vyote vilivyo wazi kwenye akaunti yake, na washa uthibitisho wa hatua mbili.