Kipimo cha Pili: kwa mnaoanza utafiti wa figo Tabora

Wengi wanaoanza kukusanya takwimu za figo huku kwetu huhangaikia siku ya kwanza: kumpata mshiriki, ridhaa, damu, mkojo. Hiyo ni nusu nyepesi. Ugonjwa sugu wa figo hauthibitishwi kwa kipimo kimoja. Hitilafu sharti idumu zaidi ya miezi 3, iwe ni uchujaji, yaani kasi ya figo kusafisha damu, ulioshuka chini ya mililita 60 kwa dakika (kwa mwili wa mita za mraba 1.73), au albumini, aina ya protini, ya mkojo iliyofika miligramu 30 kwa gramu moja ya kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa. Malaria kali inaweza kuyumbisha figo leo, na wiki kadhaa baadaye zikakaa sawa. Usiporudi kumpima mtu huyo, umemwandika mgonjwa sugu bure.

Basi pangeni miezi hiyo kwa kalenda ya watu, si ya ofisi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua uliyempima kabla ya mvua, kipimo cha pili kitamkuta kwenye palizi au kuchuma majani. Mrina asali wa Sikonge akiingia porini, simu haipatikani. Chukua namba yake, ya mwenza wake na ya jirani, kisha jina la kitongoji na la mwenyekiti. Uliza pia anaitwaje nyumbani, maana jina la kwenye kitambulisho mara nyingi halijulikani hata nyumba ya tatu, ila ukisema Baba au Mama Fulani unapelekwa hadi mlangoni.

Watu wa kwetu hawajasahau habari za mumiani, na siku hizi zimeongezeka za figo kuibwa. Ukifika na chupa za damu huku unataja figo, usishangae ukitazamwa vibaya. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mwonyeshe mwenyekiti kwanza, halafu wazee uwape shikamoo na ukae chini. Eleza wazi kwamba hakuna kiungo kitakachotolewa. Ukiulizwa kuhusu kupandikiza, jibu kwa ukweli: Muhimbili walianza mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, na anayetoa figo ni ndugu aliye hai, aliyepimwa na kukubali mwenyewe. Asiyejua kusoma asomewe fomu mbele ya shahidi wake, si wako.

Kuhusu sampuli sitasema mengi, mafunzo mtapewa. Ila aliyekanyaga baiskeli kilomita nyingi kuja kituoni, mkojo wake unaweza kuonyesha protini ya muda tu; mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Homa na hedhi ziandikwe. Nyama ya kupikwa nayo hupandisha kreatinini ya damu, kwa hiyo uliza alikula nini. Na kizio kiandikwe kila mara: 1.2 ya miligramu kwa desilita ni sawa na takriban 106 ya mikromoli kwa lita. Anayepiga hesabu ya uchujaji asizidishe kwa kigezo cha rangi ya mtu. Kanuni ya CKD-EPI ya 2021, inayokadiria uchujaji kutokana na kreatinini ya damu, imekiondoa.

Turudi kwa wasioonekana, maana hapo ndipo tafiti nyingi huharibikia. Msimamizi akikwambia ufute waliopotea na uendelee na waliobaki, bisha kwa adabu. Hawapotei kwa bahati nasibu. Mmoja amepona akaona hana haja ya kuja, mwingine amezidiwa. Anayechujwa damu kwa mashine huhitaji kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara, kwa hiyo huenda amepanda treni kwenda kukaa kwa ndugu Dodoma. Ukiwafuta wote, kilichobaki kwenye takwimu ni wale wenye nafuu ya wastani, na ripoti itasema Tabora mambo si mabaya.

Kwa hiyo daftari la ufuatiliaji liwe na safu ya sababu: amefariki, amehama, yuko shambani, amepelekwa kuchujwa damu, amejitoa. Aliyejitoa mwache, ni haki yake, na matibabu yake yasiguswe. Waliobaki, piga simu jioni, wakiwa wamerudi nyumbani.