Mtoto anayekataa ngogwe: ushauri kutoka kwa panya

Wazazi wenzangu wa Dodoma mnaogombana na watoto kila zikipikwa ngogwe, yaani nyanya chungu, kabla hamjasema mtoto anadeka, sikieni habari za panya wa maabara. Nafundisha baiolojia sekondari, na kwenye mada ya urithi panya hawa huwaamsha wanafunzi kuliko njegere za Mendel, yule mtafiti wa mwanzo wa urithi.

Panya hao huzalishwa ndugu kwa ndugu vizazi vingi, hadi wote wa ukoo mmoja wanakaribia kufanana kabisa vinasaba. Panya huwekewa chupa mbili: moja ya maji matupu, nyingine ina kitu kichungu. Kisha hupimwa amekunywa kiasi gani kutoka kila chupa. Ukoo wa C57BL/6J huikwepa kwinini, ile dawa chungu ya malaria, mapema kuliko ukoo wa DBA/2J. Ungedhani DBA/2J ulimi wake ni mzito tu. Lakini wape sikloheksimaidi, sumu inayotokana na bakteria, mambo yanageuka: sasa DBA/2J ndiye anayeikataa mapema, mwenzake bado anakunywa.

Sababu ni vinasaba vinavyoitwa Tas2r, vinavyotengeneza vipokezi vya uchungu ulimini. Panya ana takriban 35, binadamu takriban 25. Vingi vya panya vimejazana kwenye kromosomu ya 6, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Kila kipokezi kina aina zake za uchungu kinazozinasa, na mwaka 2000 watafiti walikitambua kile cha sikloheksimaidi, wakakuta kinatofautiana baina ya koo zinazoihisi sana na zisizoihisi sana. Kwa binadamu, mwaka 2003 kilitambuliwa TAS2R38, kinachofanya wengine wauhisi uchungu wa kemikali iitwayo PTC na wengine wasiuhisi.

Kwa hiyo usimwambie mtoto, "Mbona mchunga unakula?" Anaweza kuumudu mchunga, nao ni mboga chungu, na bado ngogwe zikamshinda. Kwangu wawili wamezaliwa tumbo moja. Mkubwa anatafuna ngogwe mbichi kwa chumvi, mdogo hata harufu yake haitaki.

Kilichosaidia ni chumvi kidogo na karanga za kusaga, ambazo huku hatuzikosi. Chumvi hupunguza uchungu kweli, si imani ya bibi tu. Ukitaka kujua kama karanga zimesaidia, fanya kama maabara. Huko chupa hubadilishwa upande, kwa kuwa panya wengine hupenda upande mmoja hata uwe na nini. Nawe pika vibakuli viwili, kimoja na karanga, kingine bila, na kila siku badilisha kinachoonjwa kwanza. Usimsimamie kwa macho makali, maana atajibu uso wako badala ya ulimi wake.

Si kila kukataa ni vinasaba, jamani. Anayekataa ngogwe, mlenda na maharage, halafu chipsi anazimaliza, huyo anadeka.