Kabla ya kuongeza urea, pima maji ya kisima

Mkuu, umesema mahindi yako huko Same yananyweshwa maji ya kisima kirefu, urea umeshaweka mara mbili, na bado kingo za majani zinaungua. Unauliza kama uongeze mfuko. Usiongeze kwanza. Pima chumvi ya maji.

Mimi nalima Kahe, Moshi. Masika natumia maji ya mfereji yanayoshuka kutoka mlimani, kiangazi navuta ya kisima. Shamba ni lile lile na mbolea ni ile ile, lakini mahindi ya kisima hayajawahi kufikia ya mfereji. Udongo ukianza kukauka, mgongo wa tuta unaota ukoko mweupe. Huku tunasema ardhi imeingia magadi, yaani chumvi.

Angalia majani vizuri. Njaa ya naitrojeni huanza majani ya chini: njano inaingia kutoka nchani ikifuata uti wa jani, shamba zima karibu sawa. Chumvi huunguza ncha na kingo, mmea unadumaa, tena kwa mabakamabaka: hapa pazuri, hatua chache mbele pamekufa. Mzizi unashindwa kuvuta maji ingawa udongo umelowa, na kloridi iliyo kwenye chumvi inagombania njia na naitreti, yaani naitrojeni ambayo mzizi huinyonya. Ukimwaga urea zaidi, inayeyuka na kuongeza mzigo ule ule.

Kwa miongozo ya FAO, shirika la chakula na kilimo la UN, mahindi hayaathiriki mpaka EC ya maji (kipimo cha chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme) ipite 1.1 dS/m. Ikifika 1.7 umepoteza asilimia 10 hivi ya mavuno, 2.5 robo, 3.9 nusu. Maharage ni dhaifu zaidi, kwa 1.5 tu robo imeshakwenda. Kifaa kikisoma mikrosimensi, gawanya kwa 1,000. Piga na hesabu hii: maji ya EC 2 yana chumvi kama kilo 1.28 kwa kila mita ya ujazo. Ekari ikinywa milimita 500 kwa msimu, yaani mita za ujazo 2,000 hivi, umeingiza zaidi ya tani 2.5 za chumvi. Hakuna mfuko wa mbolea unaoweza kufuta hilo.

Dawa ni kuosha: maji ya ziada yapenye chini ya mizizi, na yawe na pa kutokea. Hapa wengi wanakosea mpangilio. Wanaweka mbolea ya kukuzia leo, kesho wanafurikisha shamba, naitreti yote inashuka pamoja na chumvi. Osha kwanza, ndipo ukuzie, kidogo kidogo kwa awamu. Na urea usiimwage juu. Kwenye udongo wa magadi inapotea hewani kama amonia. Chimbia pembeni ya shina, fukia. Mimi kwenye vipande vibaya nimehamia SA (salfeti ya amonia). Naitrojeni yake ni asilimia 21 tu dhidi ya 46 ya urea, gharama inapanda, lakini inashusha pH (kipimo cha uchachu na umagadi wa udongo) na mahindi yanaitikia.

Kama tatizo ni sodiamu, utaona maji yanatuama juu na udongo unakauka kama saruji; hapo kuosha peke yake hakutoshi. Unahitaji jasi (gypsum), nayo inachimbwa hapo hapo kwenu Makanya. Kiasi cha kuweka usikisie. Peleka udongo na maji maabara ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo.

Ukipata majibu weka hapa EC, pH na sodiamu, nitakuambia kama kisima hicho kinafaa mahindi au uhamie zao linalovumilia chumvi kama mtama.