Fahirisi mbili za bei za nyumba, soko moja, majibu tofauti: ipi ya kuamini?

SWALI: Habari mtaalamu. Nipo idara ya mikopo, bosi kanipa kazi ya kuhuisha thamani za nyumba tulizoshikilia kama dhamana kwa kutumia indeksi (fahirisi) ya bei za nyumba, yaani namba inayoonyesha bei zinavyopanda na kushuka. Nimepata mbili, za soko hilohilo na kipindi hichohicho, moja inasema bei zimepanda nyingine inasema zimeshuka. Kuna mtu anadanganya hapo? Na kwani kuna ugumu gani kuchukua nyumba zote zilizouzwa mwezi huu, ukatafuta wastani, ukalinganisha na mwezi uliopita?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujaziingiza hizo namba kwenye mfumo, maana zikishaingia hakuna anayerudi kuuliza zilipatikanaje.

Inawezekana kabisa hakuna anayedanganya. Shida inaanzia kwenye bidhaa yenyewe. Petroli ukitaka kujua imepanda unauliza lita moja jana ilikuwa bei gani na leo bei gani, basi, lita ni lita. Nyumba hazifanani, hata mbili zilizojengwa kwa ramani moja utakuta moja iko barabarani nyingine iko ndani huko, moja imekarabatiwa nyingine imechoka. Halafu kubwa zaidi ni kwamba nyumba nyingi mwezi huu hazijauzwa kabisa, zinaweza kukaa miaka kumi, ishirini, bila kuingia sokoni, kwa hiyo bei unazoziona ni za kasehemu kadogo tu, na hako kasehemu ka mwezi huu sio kalekale ka mwezi uliopita. Njia zote za kutengeneza fahirisi, kiukweli, ni majaribio ya kulitatua hilo tatizo moja.

Sasa tuchukue wazo lako la wastani tulijaribu kwa namba za kubuni. Tuseme soko lina aina mbili tu za nyumba, ndogo na kubwa. Mwezi wa kwanza zimeuzwa ndogo 6 kwa bei ya 50 kila moja na kubwa 4 kwa 200 kila moja. Jumla 1,100, gawa kwa 10, wastani 110. Mwezi wa pili soko limeanguka, kila nyumba imeshuka asilimia 10, ndogo sasa 45 na kubwa 180, ila wenye nyumba ndogo wameogopa kuuza, zimeuzwa ndogo 3 tu na kubwa 7. Jumla 1,395, wastani 139.5. Umeona? Kila nyumba imeshuka asilimia 10 na wastani wako unasema soko limepanda karibu asilimia 27. Wengine watakwambia basi tumia mediani, yaani bei ya nyumba ya katikati ukizipanga kutoka ya chini mpaka ya juu, maana haiyumbishwi na nyumba moja ya kifahari. Hiyo ni kweli kwa nyumba moja ya kifahari, lakini kwenye mfano huu mediani ya mwezi wa kwanza ni 50 na ya mwezi wa pili ni 180, imeruka zaidi ya mara tatu wakati soko linaporomoka. Mediani haiponyi tatizo la mchanganyiko, na naudhika kila nikiona inatangazwa kama "bei za nyumba zimepanda" bila maelezo yoyote. Mfano nimeukuza ili uonekane, ila jambo lenyewe linatokea sana, hasa soko likiwa kwenye misukosuko, maana huo ndo wakati aina ya nyumba zinazouzwa inabadilika ghafla, na ndo wakati huohuo watu wanaitazama indeksi kuliko wakati mwingine wowote.

Dawa ya kwanza, na rahisi, ni kugawa nyumba kwenye mafungu. Unatenga ndogo na kubwa, mtaa huu na mtaa ule, unatafuta bei ya kila fungu peke yake, halafu unaunganisha kwa uzito ambao haubadiliki kila mwezi. Kwenye mfano wetu ukishikilia uzito wa 6 kwa 4 mwezi wa pili unapata 99, dhidi ya 110, asilimia 10 chini kama inavyotakiwa. Inafanya kazi vizuri mradi ndani ya kila fungu nyumba zinakaribiana. Ukitaka zikaribiane zaidi unaongeza mafungu, ukiongeza mafungu kila fungu linabaki na mauzo mawili matatu, na hapo namba zinaanza kurukaruka zenyewe.

Dawa ya pili ni kuifuata nyumba ileile. Imeuzwa mwaka 2015 kwa 100, ikauzwa tena 2020 kwa 150, basi hiyo tofauti haina habari ya mchanganyiko, ni nyumba moja mahali palepale. Unakusanya maelfu ya jozi za namna hiyo, kila jozi na miaka yake, unaziingiza kwenye rigresheni, yaani hesabu ya kitakwimu inayotafuta mwendo wa bei unaoziridhisha zote kwa pamoja. Njia hii waliiandika Bailey, Muth na Nourse mwaka 1963, baadaye Karl Case na Robert Shiller wakaiboresha miaka ya 1980, kwa sababu waliona jozi iliyokaa miaka 15 katikati ina kelele nyingi, yaani bei kuyumba kwa mambo ya nyumba yenyewe na sio ya soko, kuliko ya miaka 2 hivyo haistahili uzito sawa. Ndo chanzo cha indeksi ya Case-Shiller ya Marekani. Uzuri wake hauhitaji kujua nyumba ina vyumba vingapi wala bafu ngapi, unahitaji bei, tarehe na anwani tu, na ndio maana mtafiti Piet Eichholtz aliweza kutengeneza fahirisi ya nyumba za mfereji wa Herengracht pale Amsterdam kuanzia 1628 mpaka 1973.

Ila ina gharama zake. Nyumba iliyouzwa mara moja tu inatupwa nje, nyumba mpya ndo haimo kabisa mpaka iuzwe tena. Nyumba zinazouzwa mara kwa mara zinapata sauti kubwa kuliko zile familia zinakaa maisha yote. Na ule usemi wa "nyumba ileile" una shaka kidogo, mtu akinunua gofu akaongeza ghorofa akauza, hiyo sio bei ya soko imepanda, ni saruji na nondo. Ndio maana Case-Shiller wanaziondoa jozi ambazo mauzo mawili yamepishana chini ya miezi sita, na zile zinazoonyesha nyumba imebadilika sana. Kingine, mauzo ya leo yakifanya jozi na ya miaka kumi nyuma yanaleta taarifa mpya kuhusu hiyo miaka kumi yote, kwa hiyo ukipiga hesabu upya namba za zamani nazo zinaweza kusogea.

Ya tatu ni hedoniki. Hapa unasema bei ya nyumba ni jumla ya thamani ya sifa zake, ukubwa, vyumba, umri, eneo, aina ya jengo, unaendesha rigresheni ikuambie kila sifa sokoni inalipwa kiasi gani, halafu unauliza: nyumba yenye sifa hizihizi ingeuzwa bei gani mwezi uliopita na bei gani mwezi huu? Inatumia mauzo yote, mpya na ya zamani, na mimi binafsi ndo ninayoipenda kuliko zote pale ambapo data za sifa zipo na ni safi. Zikiwa mbovu sina hamu nayo, maana sifa ambayo hukuirekodi, mfano ubora wa finishi, haipotei, inajificha ndani ya namba yako ya mwezi, na kama nyumba zinazouzwa zinaendelea kuwa na finishi nzuri zaidi mwaka hadi mwaka basi indeksi itaita huo ubora kupanda kwa bei. Kwenye hiyohiyo hedoniki kuna chaguo la ndani ambalo watu hawaliulizi, ukiweka miezi yote kwenye modeli moja basi kila mwezi mpya unarekebisha historia kidogo, ukikadiria kila kipindi peke yake historia inatulia.

Sasa hapo ni hesabu tu, bado hatujagusa bei gani imeingia kwenye hiyo hesabu. Safari ya nyumba moja ina bei kadhaa: bei ya tangazo, bei waliyokubaliana, thamani ambayo benki imepitisha kwenye mkopo, na bei iliyosajiliwa mauzo yakikamilika, na kati ya ya kwanza na ya mwisho miezi inapita. Uingereza ni darasa zuri la hili. Rightmove, tovuti ya matangazo ya nyumba, wanatumia bei za matangazo. Halifax na Nationwide, wakopeshaji wa nyumba, wanatumia mikopo yao wenyewe ikishapitishwa, kwa hiyo wanawahi, ila mnunuzi wa keshi hawamuoni kabisa. Indeksi rasmi ya serikali iliyoanza mwaka 2016 inatumia mauzo yaliyosajiliwa, mkopo na keshi, ni pana kuliko zote ila inachelewa, na inarekebishwa kadiri usajili unavyoingia. Soko likigeuka utakuta matangazo yameshaanza kushuka huku usajili bado unapanda kwa sababu unasimulia makubaliano ya miezi mingi nyuma. Sitashangaa kama na hizo zako mbili ndo zimepishana hivyo.

Na hapohapo Uingereza, indeksi rasmi ilipobadilishwa 2016 waliacha wastani wa kawaida wakachukua wastani wa jiometri, unaopatikana kwa kuzidisha bei badala ya kuzijumlisha, ambao hauvutwi sana na nyumba za bei kali, na bei ya wastani iliyotangazwa ikawa chini sana kuliko ya mfumo wa zamani bila nyumba hata moja kushuka thamani. Ndo maana nasema usilinganishe kiwango cha bei kati ya indeksi mbili, linganisha mwendo.

Uzito nao una maneno. Case-Shiller inapima kwa thamani, nyumba ya bei mara tano ina sauti mara tano. Ile ya wakala wa serikali ya Marekani, FHFA, inazipa nyumba sauti sawa, na jozi zake zinatokana na mikopo iliyopitia Fannie Mae na Freddie Mac, makampuni yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, na mikopo hiyo ina kikomo cha ukubwa na kwa kiasi kikubwa haikubeba ile mikopo ya hatari iliyolipuka. Zote mbili zinafuata nyumba ileile, hesabu ni ndugu kabisa. Lakini kwenye anguko la bei za nyumba Marekani lililoanza 2006 ile ya kitaifa ya Case-Shiller ilishuka zaidi ya robo kutoka kileleni mpaka chini, ya FHFA kama moja ya tano, na ile ya Case-Shiller ya miji 20 zaidi ya theluthi.

Hizo tofauti ndo zinakuhusu wewe moja kwa moja. Chukua nyumba iliyothaminiwa 100 na mkopo uliobaki 75. Ukiishusha kwa asilimia 20 dhamana ni 80, faili liko salama unaendelea na kazi nyingine. Ukiishusha kwa 27 dhamana ni 73, mkopo umezidi nyumba, sasa unatakiwa kutenga akiba ya hasara. Nyumba haijabadilika, mkopaji hajabadilika, umebadilisha indeksi tu.

Kwa hiyo kwa kazi yako ningefanya hivi. Tafuta waraka wa mbinu wa kila indeksi, kama hawana waraka hiyo iweke pembeni hata kama namba zake zinapendeza. Angalia bei ni ya tangazo, ya mkopo au ya mauzo, kwa dhamana nataka ya mauzo hata ikichelewa. Angalia kama mchanganyiko umedhibitiwa kwa njia yoyote kati ya hizo tatu, kama ni wastani mtupu au mediani tupu achana nayo. Angalia inafunika nyumba za aina gani, maana kama mikopo yenu mingi ni ya nyumba za kawaida basi indeksi iliyopimwa kwa thamani itakupa mwendo wa nyumba ambazo hamna kwenye vitabu. Angalia pia kama imesawazishwa kwa msimu, kuna masoko bei hupanda kipindi fulani cha mwaka kila mwaka, ukichanganya iliyosawazishwa na isiyosawazishwa utapata kupanda na kushuka kusikokuwepo. Na kwa kuwa nyingi zinarekebishwa, kila ukipakua hifadhi faili na tarehe yake, siku mkaguzi akiuliza mbona namba mlizotumia haziko tena kwenye mtandao uwe na cha kumuonyesha.

Nitumie nyaraka za mbinu za hizo mbili pamoja na mgawanyo wa mikopo yenu kwa aina ya nyumba na eneo, majina ya wateja yaondoe, nitakuambia ipi inakaribiana na mlichonacho.