Shilingi moja ya ziada ni ya nani? Maswali yenu kuhusu namba zenye nukta

Wiki hii nimefagia sanduku la maswali. Zaidi ya nusu yanahusu namba zenye nukta kwenye kompyuta, na mengi kati ya hayo nilishayajibu. Nayajibu tena kwa mara ya mwisho, ingawa nakumbuka nilisema hivyohivyo Januari.

Kompyuta yangu ikijumlisha 0.1 na 0.2 inapata 0.30000000000000004. Imeingia virusi? (Mwanafunzi, Kijitonyama)

Haina virusi. Hebu andika theluthi moja kwa desimali: 0.3333, utaandika mpaka daftari liishe. Kompyuta inahesabu kwa mbili, si kwa kumi, na kwa hesabu hiyo moja ya kumi haiishi, kama theluthi isivyoisha kwetu. Inakata pale biti zake 53 (tarakimu za 0 na 1) zinapokwisha, basi. Swali hili lisirudi.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS. Mwanachama ana salio la 12,345,678 lakini mfumo unaonyesha 12,345,700. Fundi anasema "ndivyo kompyuta zilivyo". Ni kweli? (Temeke)

Ndivyo fundi wako alivyo. Mwambie afungue hifadhidata aangalie ile safu ya salio ni ya aina gani. Nakuhakikishia ni FLOAT, aina ya namba zenye nukta ya biti 32, na hifadhidata yenyewe ni MySQL. MySQL ikisoma safu ya FLOAT inaonyesha tarakimu sita tu za maana, zilizobaki inajaza sifuri. Kwa salio hilo una bahati, kwa sababu ndani namba bado ni nzima na kilichoharibika ni maonyesho tu. Bahati hiyo inaishia kwenye 16,777,216.

Hapo ndipo float inapoishiwa. Ina biti 24 za kubebea tarakimu, na mbili kwa kipeo cha 24 ndiyo hiyo milioni kumi na sita na ushee. Ukipita hapo, float haijui tena namba witiri. Jumlisha 16,777,216 na 1, jibu ni 16,777,216 ileile. Ukivuka milioni 33 na nusu inahesabu kwa nne nne. Ukikaribia bilioni inaruka kwa 64, kwa hiyo bilioni moja na shilingi 30 inaandikwa bilioni moja kamili, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaoona.

Vitabu vingi tunavyosomea programu vimeandikwa na watu wa dola. Bei kwao ni 19.99, mshahara ni elfu chache, kwa hiyo float inawasitiri miaka na miaka. Kwetu milioni kumi na saba ni bei ya gari lililotumika. Shilingi inaufikia mpaka huo kabla ya saa nne asubuhi.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Miaka hiyo niliandikia kikundi cha kuweka na kukopa programu ya simu, nikaweka fedha kwenye float kwa sababu mfano wa kitabuni ulikuwa hivyo. Siku ya kufunga hesabu mweka hazina, mama mtu mzima, akaja na daftari lake la mistari na kikotoo chenye kitufe cha 7 kilichofutika. Daftari lilisema 23,410,075. Simu ilisema 23,410,076. Nikamwambia, "Mama, ni shilingi moja tu." Akavua miwani. "Mwanangu, ingepungua ningekuelewa. Hii iliyozidi ni ya nani?" Sikuwa na jibu. Nililipata usiku: 23,410,075 ni witiri, float haina nafasi yake, ikapanda kwenye shufwa iliyo jirani.

Kwa hiyo, mhasibu wangu: fedha iwekwe kwenye namba kamili, aina ya BIGINT, kwa shilingi nzima au kwa senti kama mnatoza riba. Au DECIMAL, inayohesabu kwa kumi kama daftari. Fundi asikuwekee INT ya kawaida, maana hiyo inaishia 2,147,483,647, na SACCOS yenye jumla ya zaidi ya bilioni mbili si ya kutafuta kwa tochi. Wala asibadilishe safu moja kwa moja kwenye hifadhidata inayofanya kazi. Atoe nakala, abadilishe kwenye nakala, kisha mlinganishe na vitabu mwanachama mmoja mmoja.

Najua atakuja mtu na hoja ya double, ndugu mkubwa wa float mwenye biti 64. Ni kweli, double inabeba namba kamili bila kosa hadi 9,007,199,254,740,992, na bajeti ya nchi nzima inaingia humo mara nyingi. Lakini siku utakapozidisha kwa asilimia utarudi kwenye 0.1 na 0.2, na mama wa daftari atakuja kwako.

Namba kubwa kuliko zote kwenye kompyuta ni ipi? Tumebishana kijiweni hadi chai imepoa. (Ubungo)

Inategemea aina. Float inafika takriban 3.4 × 10³⁸, double inafika 1.7976931348623157 × 10³⁰⁸. Iwe Windows, Linux, Mac au simu janja, ni zilezile, kwa sababu wote wanafuata kiwango kimoja, IEEE 754. Ukivuka hapo kwa kuzidisha unapewa alama ya kisicho na mwisho, si kosa.

Mngebishania upande wa chini ndiyo ningewasifu. Jina MIN halina maana moja. Kwenye lugha ya C, DBL_MIN ni 2.2 × 10⁻³⁰⁸, namba chanya ndogo kabisa yenye usahihi wake kamili. Kwenye Java, Double.MIN_VALUE ni 4.9 × 10⁻³²⁴, ndogo kuliko hiyo, pale usahihi unapokuwa umeshaanza kumomonyoka. Kwenye C#, double.MinValue ni hasi: −1.797 × 10³⁰⁸. Sasa mchukue kijana aliyezoea C#, amehamia Java, anaandika programu ya kusoma majokofu ya samaki kule Feri. Anatafuta joto la juu kabisa la usiku, anaanzia MIN_VALUE akidhani ni hasi kama ya C#, halafu kila kipimo ni hasi kumi na kitu. Programu inamwambia joto la juu ni 4.9E-324. Anabadilisha kipima joto. Anabadilisha na waya. Kosa liko kwenye mstari wa kwanza wa programu.

Programu yangu ya C inatoa majibu tofauti kwenye laptop na kwenye simu. Tarakimu za mwisho hazifanani. Nani anadanganya? (Tabata)

Hakuna anayedanganya, na swali lako ndilo zuri kuliko yote wiki hii.

Kabla ya 1985 kila kampuni ilikuwa na namba zake. Mashine za IBM System/360 zilihesabu kwa kumi na sita, kilele chake kama 7.2 × 10⁷⁵. Kompyuta za VAX zilikuwa na aina mbili za biti 64: moja haikuvuka 1.7 × 10³⁸, nyingine ilikaribia 9 × 10³⁰⁷. Ukihamisha programu kutoka mashine moja hadi nyingine, hesabu iliyokuwa nzima inafurika. William Kahan, mtaalamu wa hesabu za kompyuta, na wenzake ndio waliosukuma kiwango cha pamoja, na prosesa ya Intel 8087 ya mwaka 1980 ilikuwa tayari imefuata fikra hizo.

Kiwango kilisawazisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na kipeuo cha pili. Upenyo ulibaki. Wa kwanza: prosesa za zamani za Intel zilihesabu ndani kwa biti 80, kisha zikakata hadi 64 wakati wa kuhifadhi, na kukata huko kulitegemea kompaila, ile programu inayogeuza ulichoandika kuwa amri za prosesa. Wa pili: prosesa za ARM zilizomo kwenye simu zina amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo, ikikata mara moja badala ya mbili. Baadhi ya kompaila zinaitumia bila kukuuliza. Jibu lake mara nyingi ni sahihi zaidi, lakini si lilelile. Wa tatu: sin, cos, pow na jamaa zao. Kiwango hakilazimishi tarakimu yao ya mwisho, kila maktaba ya programu ina yake.

Na kama umetumia long double, aina inayotarajiwa kuwa pana kuliko double, pole. Kwenye Linux ya prosesa za Intel ni biti 80. Kwa kompaila ya Microsoft ni double iliyobadilishiwa jina tu. Kwenye Mac zenye prosesa ya M1 na za baada yake, hali ni hiyohiyo. Kwenye Linux ya ARM ya biti 64 ni biti 128, zinazohesabiwa na programu, polepole kama foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni. Ukiandika baiti zake kwenye faili huku na kuzisoma kule, utasoma takataka.

Usilinganishe namba zenye nukta kwa ==, alama ya kuuliza "ni sawa?". Angalia tofauti yao ni ndogo kiasi gani ukilinganisha na ukubwa wao. Na usigeuze namba kubwa kuwa int bila kuikagua. Bilioni tatu ikigeuzwa int ya biti 32, prosesa ya Intel kwa kawaida itakupa −2,147,483,648 na ya ARM itakupa 2,147,483,647. Roketi ya Ariane 5 ililipuka angani tarehe 4 Juni 1996 kwa kugeuza namba ya biti 64 kuwa ya 16 bila kuuliza kama itaenea.

Nimeandika double kwenye Arduino Uno niongeze usahihi, sioni tofauti. (Kariakoo)

Hutaiona. Kwenye kibao hicho cha Uno, hadi toleo la R3, double ni float ileile, baiti nne.

Nikibandika namba za NIDA kwenye Excel zinageuka 1.99E+19, nikizipanua mwisho ni sifuri tupu. (Posta)

Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, Excel inashika 15. Tano za mwisho zimekwenda na hazirudi, hata ukibadilisha muundo wa seli baadaye. Rudi kwenye chanzo, fanya safu iwe maandishi kwanza, ndipo ubandike. Namba ya malipo ya serikali ya tarakimu 12 nayo inaonekana kama 9.91E+11 na watu wanashtuka, lakini hiyo ni nzima, panua safu na uiwekee muundo wa namba. Namba ya simu inapoteza sifuri ya mbele.

Utawahi kujumlisha namba za NIDA za watu wawili? Utatafuta wastani wake? Kama hapana, kwa nini umeiweka kama namba? Wenye JavaScript msicheke, namba zenu kwa kawaida ni double. Kitambulisho kikizidi 9,007,199,254,740,991 na kikatumwa kama namba, kinaweza kufika kwa mteja kikiwa cha mtu mwingine.

Natengeneza programu ya bodaboda. Float inatosha kuhifadhi mahali alipo dereva? (Sinza)

Inatosha kuhifadhi. Dar es Salaam iko longitudo 39 na ushee, na hapo float inaruka kwa takriban sentimita 42 mashariki-magharibi. Latitudo yetu, karibu digrii 6.8 kusini, ni namba ndogo zaidi, kwa hiyo hatua yake ni kama sentimita 5. GPS ya simu yenyewe inakosea kwa mita. Ila ukianza kukokotoa umbali mfupi, hamia double, maana ukitoa namba mbili zinazokaribiana, umbali unakuwa mdogo na kosa linabaki lilelile.

Hukuniuliza kuhusu muda, nakuambia. Sekunde zinazohesabiwa tangu 1970 zimeshapita bilioni moja na milioni mia saba. Ukiziweka kwenye float zitaruka kwa 128. Zaidi ya dakika mbili! Abiria wa safari fupi isiyofika dakika mbili anaweza kuonekana ameshuka sekunde ileile aliyopanda, na nauli ya muda ikawa sifuri.

Programu ya duka langu na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) zinatofautiana shilingi tano kwa bidhaa zilezile. (Kariakoo)

Chukua biskuti ya shilingi 125 kabla ya VAT. Asilimia 18 ni 22.5. Hapa float haina kosa, 22.5 inaandikika kamili kabisa. Tatizo ni nusu inakwenda wapi. Python na C# wanaipeleka kwenye shufwa iliyo karibu: 22. JavaScript na Java wanaipandisha: 23. Mteja akinunua kumi, huyu anapata VAT ya 220, yule 230, na sahihi ni 225. Jumlisha kwanza, toza VAT mara moja mwishoni. Na risiti ndiyo inayokwenda TRA, mamlaka ya kodi, kwa hiyo programu yako ndiyo imfuate mwenzake.

Nikigawa kwa sifuri kwenye C programu inakufa, rafiki yangu kwenye JavaScript anapata Infinity. (Mbezi)

Wewe umegawa namba kamili, yeye namba yenye nukta. Ungekuwa kwenye prosesa ya ARM, kwa kawaida ungepata sifuri kimyakimya. Shukuru ilikufa.

Programu yangu inatoa NaN. Nisaidie haraka. (Hakuandika anatoka wapi)

NaN si namba, na haiko sawa hata na yenyewe: ukiuliza x == x na jibu likawa hapana, umeikamata. Inatoka wapi kwako, siwezi kujua, kwa sababu umenitumia picha ya skrini iliyopigwa ndani ya daladala, na nusu yake ni kiwiko cha kondakta. Tuma mistari yenyewe, kwa maandishi.