Kabla mama hajauza kiwanja: maswali yenu kuhusu kazi za uwanja wa ndege

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 18, nimemaliza kidato cha nne, nimepata D tano na C moja ya Kiingereza. Urefu wangu ni sentimita 158. Kuna chuo hapa mjini kinafundisha uhudumu wa ndani ya ndege kwa miezi mitatu. Wanataka ada yote kwa mkupuo, sare ni hela nyingine, na wanasema nikimaliza watanipeleka Dubai kufanya kazi Emirates. Mama yuko tayari kuuza kiwanja cha Chanika. Nikubali?
Binti wa Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mama kiwanja kikae. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika penye Chanika roho inaniuma. Nilikaa kaunta ya kupokea abiria Dar es Salaam miaka 19, na nimewaona mabinti wakija ofisini na vyeti vya miezi mitatu, viatu vimepigwa kiwi, wakarudi nyumbani na bahasha ileile waliyokuja nayo.

Fanya hivi leo. Simama ukutani bila viatu, nyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu, nyoosha mkono juu, mama aweke alama ya penseli. Emirates wanataka alama hiyo ifike sentimita 212, urefu usipungue 160, na umri usipungue miaka 21. Hapo hawatafuti urembo. Vifaa vya dharura vingine hukaa juu, kwenye makabati yaliyo vichwani mwa abiria, na moshi ukijaa hakuna atakayekuletea stuli. Wewe una 158 na miaka 18. Mtu anayekuahidi Dubai bila kukupima wala kukuuliza umri anakitaka kiwanja cha mama. Tena ujue kwamba Emirates hawamtozi mwombaji kazi hata senti moja.

Sikukatazi kuipenda kazi yenyewe. Naomba uijue tu. Mhudumu wa ndani ni mtu wa usalama kwanza, chai na soda baadaye. Ndege kubwa ya abiria haipati kibali mpaka mtengenezaji aonyeshe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Ndiyo maana hata mwenye cheti cha chuo kizuri hufundishwa upya na shirika linalomwajiri, kwa aina ya ndege atakazopanda. Mlango wa Dash 8 Q400 haufunguki kama wa Boeing 787.

Sasa tuhesabu nafasi. Kawaida ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo Q400 ya viti 76 inatosheka na wawili. Lakini ndege hiyohiyo ikitua inawasubiri watu wa kaunta, wa geti, wa ukaguzi, wa mizigo, wa mafuta, wa usafi, wa kuiongoza ikiegeshwa, na wa hesabu ya uzito. Ajira nyingi ziko chini, na huko ndiko ile C yako ya Kiingereza inakokuwa mtaji.

Ukiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini unaweza kuomba astashahada, ngazi ya 4 ya NTA, yaani ngazi za taifa za tuzo za ufundi, upande ya 5, kisha stashahada ya ngazi ya 6. Anza kuulizia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo. Kwa kozi za usalama wa anga na mizigo ya hatari, ulizia CATC, chuo kilicho chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ukienda chuo binafsi, kabla hujatoa hata shilingi omba namba ya usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, halafu uulize kama kozi yenyewe inatambuliwa na TCAA, maana chuo kinaweza kusajiliwa kwa ususi na ushonaji kikafundisha na mambo ya ndege. Jibu la mtu wa mapokezi lisikutoshe, katazame orodha mwenyewe. Na ukiona nembo ya IATA ukutani, usilegee. IATA ni chama cha mashirika ya ndege chenye makao makuu Montreal. Vyeti vyake vinaheshimika, lakini havikupi ajira, na nembo mtu yeyote anaweza kuichapisha.

Wakati unasubiri majibu, jifunze saa. Mzee mmoja alinifikia kaunta saa nne asubuhi, kanzu imepigwa pasi, mfuko wa ubani mkononi, anawahi ndege ya Mwanza ya 06:30. Aliisoma saa sita na nusu, kama ambavyo babu zetu wote wangeisoma. Ndege ilikwishaondoka saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Akaniambia, "Mbona nimewahi, mwanangu?" Alikuwa anakwenda kumzika kaka yake, mazishi alasiri. Nilimpatia kiti cha jioni, akafika watu wameshatawanyika. Aliyemkatia tiketi alimkabidhi karatasi bila kumsomea, na hilo mpaka leo linanichoma. Tangu siku ile, kila pasi ya kupandia niliyompa mtu mzima niliandika kwa kalamu, kwa maneno, saa ya Kiswahili. Wewe utaishi na saa tatu: ya Kiswahili, ya tarakimu 24, na UTC, saa moja ya dunia nzima ambayo marubani wanaitumia, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Hiyo 06:30 kwao ni 03:30. Zizoee mpaka usihitaji kuhesabu vidole.

SWALI: Shikamoo mama. Nimepata mkataba wa miezi sita wa kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Mwanza. Wenzangu mtaani wananiita kuli wa ndege. Je, kazi hii ina mbele, au niache nikatafute chuo?
Kijana wa Ilemela

JIBU: Marahaba, baba. Usiache. Rubani anapanga mkao wa ndege angani kwa kufuata karatasi inayosema kilo ngapi ziko mbele na ngapi nyuma. Wewe ukihamisha mabegi kumi kutoka chumba kimoja kwenda kingine kwa sababu kule kumejaa, na usimwambie mtu, karatasi ile imekuwa ya uongo mkononi mwa rubani. Sema kila unapobadilisha kitu, hata ukionekana msumbufu.

Yapo mengine utakayoyaona siku ya kwanza. Huisogelei ndege mpaka taa nyekundu inayomweka izimwe, kwa sababu ikiwaka maana yake injini bado zina kazi. Kabari zinawekwa kwenye magurudumu kabla ya jambo jingine lolote. Na ukiona zipu iliyokatika, skrubu, au kipande cha waya chini, kiokote, maana injini inavuta kila kilicho mbele yake.

Ila nataka uwe na macho ya kusoma tagi. Mwaka mmoja begi la bibi harusi wa Kigoma lilipelekwa Kigali. Kila uwanja una herufi zake tatu kwenye tagi: karani mgeni alijua KGL ya Kigali, hakujua kwamba Kigoma ni TKQ. Mikono minne ililigusa begi lile baada yake, na hakuna aliyejiuliza kwa nini begi la abiria wa Kigoma lina herufi za Rwanda. Gauni lilifika siku ya tatu, harusi imeshapita. Dada yule alikuja mwenyewe kulichukua, akalifungua palepale mbele yangu, akalitazama, akalifunga. Sikuwa na neno la kumwambia.

Mwombe msimamizi wako akuandikishe mafunzo ya mizigo ya hatari. Cheti chake hurudiwa kila miezi 24, na mwenye nacho hutafutwa. Utajifunza, kwa mfano, kwa nini pawabenki haisafiri kwenye begi la chini: betri ya lithiamu ikishika moto huko hakuna wa kuuzima kwa mkono, ila kwenye kabini wahudumu wanaiona. Hesabu yake ni rahisi. Chukua mAh zilizoandikwa, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Jibu ni Wh, kipimo cha nishati ya betri: ya 20,000 inatoa Wh 74, inapita. Ikivuka 100 mpaka 160 shirika lazima liridhie, na zaidi ya hapo haipandi kabisa. Baada ya hicho fuatilia kibali cha kuendesha trekta la mizigo, kisha kozi ya hesabu ya uzito. Wasimamizi wangu wawili walianza na glavu kama zako.

SWALI: Habari za kazi dada. Nina miaka 38, nimekaa mapokezi ya hoteli Nungwi miaka kumi. Nimechelewa kuhamia uwanja wa ndege?
Mama wa Unguja

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Hujachelewa. Huduma za chini zinamtaka mtu aliyekwishatukanwa na mgeni mwenye njaa saa nane usiku na bado akamjibu kwa upole, na hilo hakuna chuo kinachofundisha kwa miezi mitatu. Unachokosa ni lugha ya kazi. Jifunze alfabeti ya anga, ambayo kila herufi ina neno lake, kwa sababu kwenye simu M na N zinafanana, B na D pia, na namba ya buking ina herufi na tarakimu sita ambazo ukikosea moja humpati abiria wako. Tafuta pia cheti cha tabia njema cha polisi mapema, maana bila hicho kitambulisho cha kuingilia uwanjani hukipati, na foleni yake ni ndefu. Usiku huu, watoto wakilala, taja jina lako herufi kwa herufi kwa sauti, kisha la mume, kisha herufi za uwanja wa Kigoma, TKQ: Tango, Kilo, Quebec.