Mkifukuzwa mlangoni: maneno kwa mlioanza kushuhudia

Wapendwa, nimekuwa nikisikiliza shuhuda zenu za jioni. Mnarudi mmechoka, mnasema upinzani ulikuwa mkali, adui ametikisika, na sote tunaitikia amina. Kisha nauliza: yule mtu aliyewafukuza, mlimjibuje? Hapo nasikia yale yale ya miaka yote. Mlipandisha sauti. Mlimtangazia hukumu. Mmoja wenu alikung'uta vumbi la viatu mbele ya nyumba ambayo hata salamu ilikuwa haijaisha. Nawapenda, na bidii yenu inanitia nguvu, lakini hamtoki tena kabla hatujazungumza.

1. Someni Matendo 18 mpaka mwisho. Mstari wa 6 mnaujua kwa moyo: Paulo yuko Korintho, anapingwa, anakung'uta mavazi na kusema damu yao iwe juu ya vichwa vyao. Hapo mnafunga Biblia. Haya, mstari wa 7 anakwenda wapi? Kwa Tito Yusto, nyumba iliyopakana na sinagogi lile lile. Amehamia jirani tu. Mstari wa 8, Krispo, mkuu wa sinagogi, anaamini pamoja na nyumba yake yote. Sasa fikirini kama Paulo angeondoka mjini kwa hasira!

Ndipo usiku Bwana anamtokea: "Usiogope, bali nena, wala usinyamaze." Mtu asiyeogopa haambiwi asiogope. Baadaye Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba alipokuwa kwao alikuwa dhaifu, mwenye hofu na kutetemeka sana. Kwa hiyo magoti yakilegea mkiwa njiani, msidhani Mungu amewaacha, na msiifunike hofu hiyo kwa makelele. Mwambie mwenzako, "Naogopa." Ombeni hapo hapo, mwendelee. Paulo alikaa mji ule mwaka mmoja na miezi sita akifundisha.

2. Msishindane. Ningeweza kuishia hapo, lakini najua mtaitikia na kesho mtashindana, kwa hiyo nitawaeleza yaliyonipata.

Nilikuwa nimeanza kama ninyi. Tulikaribishwa na mama mmoja ambaye alikuwa na maswali mengi kuliko majibu yetu. Tulikuwa tunasoma Yohana 4, na alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa, anakisogeza neno kwa neno, anarudi nyuma, anauliza tena kwa nini Yesu alimwomba maji mwanamke yule ilhali Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Mume wake akaingia. Akauliza nani ametupa ruhusa ya kuingia nyumbani kwake. Swali la haki kabisa. Nyumba ni yake. Mimi nikamjibu kwa andiko. Akasema tuondoke. Nikamjibu kwa andiko lingine, kwamba aliye ndani yetu ni mkuu kuliko aliye katika dunia, na nikalisema nikimtazama usoni kana kwamba yeye ndiye adui aliyetajwa. Mwenzangu alikuwa ananivuta mkono wa shati. Sikumsikiliza. Kila alichosema yule baba nilikuwa na mstari wake, mpaka akakosa la kusema, akabaki anahema.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameondoa kidole. Akaifunga Biblia, akanirudishia kwa mikono miwili, bila neno. Tangu siku hiyo akituona kwa mbali alibadili njia. Na kwenye ripoti ya timu niliandika kwamba Bwana ametupa ushindi.

Nimeliombea jambo hilo kwa muda mrefu, na nimeona chanzo chake. Nilikuwa ninahubiri kwamba Mungu yupo, lakini pale sebuleni nilitenda kama mtu aliyeachwa peke yake na kazi ya kumtetea Mungu. Ningeamini kwamba Yeye yupo, ningesema, "Samahani baba, tunaondoka," na ningemwachia Roho Mtakatifu yule mama na kidole chake kwenye ukurasa. Roho angebaki baada ya sisi kutoka. Mabishano yangu ndiyo yaliyomfungia mama yule Biblia.

3. Msimwahidi mtu yeyote kwamba akimwamini Yesu hataguswa. Pale Korintho Bwana alimwahidi Paulo kwamba hakuna atakayemdhuru, na ikawa hivyo: alipoburutwa mbele ya Galio, liwali wa Akaya, hata hakupata nafasi ya kujitetea, kwa maana Galio aliifuta kesi kabla Paulo hajafungua kinywa. Lakini siku ile ile Sosthene, mkuu mwingine wa sinagogi, alipigwa mbele ya kiti cha hukumu. Na kabla ya hapo Paulo alipigwa mawe Listra, akapigwa bakora Filipi. Bwana yule yule alikuwa naye kote. Ahadi ya Mathayo 28 ni kwamba atakuwa pamoja nasi siku zote, na hizo siku zote ni pamoja na zile za kupigwa. Mwongofu mpya anayerudi kwenye familia inayompinga anastahili kuambiwa hivyo kabla ya sala ya toba, na anastahili kutembelewa baada yake. Ufuatiliaji, wapendwa! Kila wiki nauliza daftari la ufuatiliaji na kila wiki liko kwa mtu mwingine.

4. Nendeni wawili wawili. Ukiambiwa toka, toka, na ushukuru. Msipige picha za waliosikiliza. Mnaweza kuwaponza kwa watu wao. Petro anasema tujibu kwa upole na hofu, na hilo halina siku ya mapumziko. Pakiwa na hatari ya kweli, ondokeni: Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine.

5. Msihesabu mavuno ya jioni moja. Mmisionari Adoniram Judson alifika Burma, ambayo leo ni Myanmar, mwaka 1813, na Mburma wa kwanza kubatizwa kwa kazi yake alibatizwa mwaka 1819. Miaka ya katikati alikuwa anajifunza lugha na kutafsiri Maandiko. Mnaokata tamaa kwa Jumamosi mbili, mfikirieni.

Jumamosi hii, kabla hatujatoka, kila mmoja aje na jina la mtu aliyemfukuza; kama hamlijui, njooni na mlango wake. Tutaanza maombi na hao, wala hatutaomba waaibike. Kisha mtanieleza walichosema, neno kwa neno, maana mara nyingi katikati ya zile kelele kulikuwa na swali mlilolipita, na nataka tukae tulijibu pamoja.